Oili ya Gari la Mkunga

Sogeeni karibu, wanangu, wewe kifungua mimba na wewe kitinda mimba wangu, mkae hapo ukingoni mwa kitanda, maana pumzi iliyobaki ni ya kupima na sitaweza kusema mara mbili. Nimechoka. Ugonjwa ni sehemu tu, nimechoka kubeba.

Nyumba ni yenu na mama yenu, hilo halina mjadala. Viti, vitanda na ile redio mbovu ninayoahidi kila mwaka kuitengeneza, gawaneni bila kununiana. Nilichowaitia ni gereji.

Baba yenu mdogo mnamjua kwa kusikia tu, kwamba aliua giaboksi ya gari la mkunga akaondoka kwa aibu. Nimesimulia hivyo miaka kumi na tisa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu hadi ikanifikisha hapa.

Sikilizeni ilivyokuwa. Gari lile lilikuwa otomatiki ya mkanda, giaboksi inayozungusha mkanda badala ya gia za meno, geni machoni petu, na mkunga alisimama mlangoni na mkoba wake, ana haraka. Nikachovya kidole kwenye pipa letu la oili ya giaboksi, nikanusa, nikasema nyekundu ni nyekundu. Mdogo wangu akatoa kijitabu cha gari, akakunja ukurasa, akasema, "Kaka, nipe dakika moja nikusomee, hii ina oili yake." Nikamjibu kwamba nilishika spana yeye hajaota meno. Nikamimina. Mdharau mwiba mguu huota tende: siku ya tatu gari likaanza kulia, likakosa nguvu, likafia mlimani, na mkunga akafika kwa miguu akamkuta mzazi yu hoi. Alipona, lakini kwa rehema tu.

Mkunga alipokuja kuuliza nani alimimina, watu wamejaa, nikamwonyesha mdogo wangu kwa kidole kilekile nilichochovya. Ukubwa ni jalala, lakini mimi taka zangu nilimtupia mdogo. Alikunja ovaroli yake, akaiweka juu ya meza ya kazi pamoja na kile kijitabu, akaenda. Leo anaziba pancha za baiskeli ng'ambo ya mji.

Kwa hiyo funguo za gereji mpelekeeni yeye. Usininunie, mwanangu mkubwa. Najua ulishaihesabu kuwa yako. Semeni mbele ya mafundi wote, na mbele ya mkunga, kwamba aliyemimina ni mimi. Akiwapokea, fanyeni kazi chini yake. Akizikataa funguo, msimlaumu, rudini tena kesho yake. Na kwa gari lolote lijalo msiangalie rangi, wala msimsikilize muuza duka anayesema hii inaingia kote. Someni kijitabu, au maandishi ya kijiti cha kupimia oili, na dumu liwe na maandishi yaleyale, herufi kwa herufi. Mkilikosa, gari lilale.

Mungu awalinde. Awape... awape subira niliyokosa mimi. Msitengane. Nipeni maji... kidogo tu. Basi.

Binti yangu, chini ya mto huu kuna kile kijitabu. Sijawahi kukifungua. Kifungue pale alipokunja. Aliniomba dakika moja tu.

Nisomee, mama. Polepole... nasikiliza.