Bi Mwanapili Makame na Sauti Isiyokubali Kustaafu

Bi Mwanapili Makame Vuai anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30 Januari 2026, baada ya kuitumikia Redio Upenu kwa miaka ishirini na tatu, miezi minne na siku kumi na moja. Katika muda wote huo amesoma matangazo ya vifo kila siku saa saba kasorobo mchana, ukitoa siku za likizo, siku alizokwenda Hija, na siku moja ambayo ngazi yetu hapa Mlandege ilizibwa na godoro la wale jirani zetu wa duka la chini, likakwama kona ya pili, na watangazaji wote wakabaki barabarani.

Nieleze mapema kwa nini wasifu huu nimeuandika mimi, Haroub Simai, fundi mitambo, mtu ambaye andiko lake refu kabla ya hili lilikuwa "Usiguse waya huu." Mkurugenzi wetu, Bwana Ismail, mwanzoni mwa mwezi huu aliuagiza kwanza mtambo wetu wa akili mnemba. Mtambo ukaandika kurasa mbili safi kabisa, na mwishoni ukatangaza kwamba jeneza litaondoka nyumbani baada ya sala ya adhuhuri. Bi Mwanapili aliusoma, akasahihisha koma mbili, kisha akaomba kazi hiyo apewe mtu mwenye damu mwilini. Nikaonekana mimi.

Alizaliwa Gomani, Tumbatu, akasoma skuli huko huko, na akaajiriwa hapa kama karani wa mapokezi. Wiki yake ya kwanza msomaji wa vifo alishikwa na mafua, na hakuna aliyethubutu kukaa kwenye kile kiti. Wageni wanaosoma jarida hili la redio waelewe kwamba kwetu tangazo la kifo si jina na saa ya maziko tu. Ni ukoo mzima: marehemu ni baba wa fulani, mjomba wa fulani, shemeji wa fulani aliyeko Makunduchi. Ukiruka jina moja, mwenye jina atakununia mpaka kufa kwako, na pengine na siku hiyo asije. Bi Mwanapili akakaa, akasoma majina thelathini na nne bila kukohoa. Mafua ya mwenzake yalipopona, kiti kilikuwa kishapata mwenyewe.

Alikuwa na utaratibu wake, na ulituudhi wengi. Hakupokea tangazo kwa simu, wala kwa barua, wala kwa wasapu. Ndugu wa marehemu apande ngazi mwenyewe, atazamwe usoni, aulizwe nani anaosha, nani anachimba na nani kaona kwa macho yake. Bwana mmoja alikuja mbio kutangaza kifo cha mama mkwe wake, na kwa kweli hakuonekana mtu mwenye majonzi mazito. Alipofika kwenye swali la tatu akababaika. Bi Mwanapili akamrejesha nyumbani akatazame tena. Baada ya nusu saa yule bwana akapiga simu kwamba mama mkwe keshaamka, keshakunywa chai, na anataka kujua nani kamtuma mtu redioni.

Kwa hivyo watu walimwamini. Watu wakiisikia sauti ya Bi Mwanapili walikuwa hawaulizi tena. Walikuwa wanavaa kofia wanaondoka.

Bwana Ismail aliliona hilo, na tumpe haki yake, hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na khofu. Alikuwa akisema kwamba Bi Mwanapili akiondoka, hicho kipindi kitasikilizwa na nani? Ndipo mwezi wa Agosti ukaletwa mtambo, na Bi Mwanapili akaombwa atie saini karatasi, kisha akae na mimi studio wiki tatu akisoma kila jina la mtu na la mtaa, kuanzia Nungwi hadi Kizimkazi, ili mtambo ujifunze kusema kama yeye. Alisaini. Alidhani ni kumbukumbu, ya kuwekwa kabatini. Mimi nilijua si ya kabatini na sikusema kitu, na hilo nnaliandika hapa kwa sababu sina pengine pa kuliandika.

Ule mtambo wafanyakazi tuliupa jina la Bi Mdogo. Ulikuwa na sauti ile ile, pumzi ile ile, hata kile kituo kidogo anachokiweka Bi Mkubwa kabla ya kutaja makaburi. Halafu Bwana Ismail akaufungulia mitandao ya kijamii, ujitafutie wenyewe khabari za misiba, maana siku hizi watu hubandika kila kitu huko. Ngazi ya nini tena?

Siku ya tisa ya Disemba Bi Mwanapili alikuwa likizo, nami nikabonyeza kitufe. Saa saba kasorobo Bi Mdogo akatangaza kifo cha Mzee Hamid Masoud, mkaazi wa Kikwajuni, fundi cherehani mstaafu.

Mzee Hamid alikuwa mzima kama mimi na wewe. Ila kwa miaka sita hakupata kukosa hata asubuhi moja kutuma ua waridi na "sabahul kheir" kwenye vikundi kumi na moja vya wasapu. Siku tisa nyuma alikwenda Kizimkazi na wajukuu kuangalia pomboo, akainama kumpiga picha mmoja, simu ikazama. Waridi zikakatika. Mjukuu wake akabandika picha ya babu na sura tatu zinazolia. Alikuwa akiililia ile simu. Bi Mdogo akahesabu siku za kimya, akazitazama zile sura, akahitimisha. Wallahi tangazo lenyewe lilikuwa zuri. Lilikuwa na jamaa arubaini na mmoja kwa mpangilio usio na dosari, pamoja na shemeji mtu, Bi Mashavu, ambaye familia ilikuwa inamsahau kila msiba kwa miaka kumi.

Mzee Hamid alilisikia tangazo akiwa hapa hapa Mlandege, kwa fundi simu. Akasema Inna lillahi, akamhimiza fundi afanye haraka kwa sababu ana maziko. Tangazo lilipofika kwenye "fundi cherehani mstaafu" ndipo akaomba kiti. Fundi akampa pole. Mzee akaitika kwamba keshapoa, maana ndivyo alivyofunzwa kuitika.

Alipofika kwake turubai limeshasimama, majamvi yametandikwa, wanawake wanachagua mchele, na vijana wa mtaa wako makaburini Mwanakwerekwe wanachimba. Alitusimulia baadaye kwamba aliona haya kuingia, watu wameshajisumbua kiasi kile. Akachukua ndoo akasaidia kuteka maji. Waliomwona walimkwepa. Jirani mmoja alimshika bega, akaona lina joto, akenda zake. Sheha wa shehia, kiongozi wa mtaa, akaitwa kuamua, naye akamwambia Mzee kwa heshima zote kwamba yeye binafsi anamwona, ila tangazo kalisoma Bi Mwanapili, na Bi Mwanapili hajawahi kukosea. Bi Mashavu, aliyekwisha kufika kutoka Makunduchi na kanga mpya, alipinga kabisa habari ya kufuta tangazo. Alikuwa ametajwa.

Bi Mwanapili mwenyewe alikuwa nyumbani anamenya mihogo. Akaisikia sauti yake inatangaza msiba, na hata yeye aliitikia Inna lillahi kabla ya kukumbuka kwamba hajasoma kitu. Akaacha kisu juu ya mihogo, akavaa buibui, akenda Kikwajuni moja kwa moja. Alisimama mlangoni akasema kwa kinywa chake kwamba Mzee Hamid yu hai. Hapo tu ndipo watu wakaanza kukunja majamvi, na Mzee akatua ndoo. Wachimbaji wakarudi na majembe yao mabegani.

Redioni nako tulitaka kusafisha jina. Bwana Ismail akaamuru Bi Mdogo aombe radhi, kwa kuwa ndiye aliyekosa. Bi Mdogo akaomba radhi kwa ile ile sauti ya huzuni: "Marehemu anawaomba mumsamehe kwa usumbufu uliotokea, na saa ya maziko itatangazwa baadaye."

Jamani, tulicheka. Tulicheka mpaka Thuwaiba wa mapokezi akatoka nje. Bi Mwanapili hakucheka. Kesho yake alinikuta studio, akakaa kwenye kiti chake, akaniuliza swali ambalo mpaka leo linanikosesha raha. Alitaka kujua nani aliyesema uongo. Mtambo hauna ulimi wala hauna haya. Mkurugenzi hakufungua mdomo. Haroub kabonyeza kitufe tu. Yeye alikuwa na mihogo yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyesema uongo, na uongo umesemwa, na mji mzima umeusikia ukitoka kwake. Nikamjibu kwamba ni kosa la kiufundi. Akanitazama kama alivyomtazama yule bwana wa mama mkwe.

Alikwenda kwa Bwana Ismail mara tatu kuomba sauti yake ifutwe kabla hajastaafu. Mara tatu akaoneshwa karatasi: sauti ni mali ya kituo, kwa muda wote. Bwana Ismail akamfariji kwamba yeye akapumzike, sauti itaendelea na kazi. Bi Mwanapili akasema yeye na sauti yake waliajiriwa pamoja na watastaafu pamoja, na kwamba Mzee Hamid wa pili pengine hatakuwa na miguu ya kurudi nyumbani kujitetea. Akaombwa asikasirike. Alikuwa keshakasirika tangu Disemba.

Alhamisi ya wiki iliyopita, tarehe 22, akaingia studio kwa zamu yake. Akasoma misiba miwili ya kweli, taratibu, jamaa wote. Kisha akageuza karatasi ambayo mimi sikuipitisha, na nakiri kwamba mkono wangu ulikuwa juu ya swichi na haukushuka. Akasoma hivi:

"Tunasikitika kuwatangazia kifo cha sauti ya Mwanapili Makame Vuai. Sauti ni mama wa Mwanakheir aliyeko Maskati, ni dada wa Vuai na Mkasi wa Gomani, na ni jirani wenu nyote. Imekufa leo saa saba kamili mchana. Maziko yameshafanyika. Atakayeisikia baada ya hapa asiiamini, asichimbe, asipike."

Akavua vifaa vya masikioni, akaviweka mezani, akatoka.

Mji ukatii. Bi Mwanapili kasema, nani abishe? Saa nane ngazi yetu ilijaa watu waliokuja kutoa pole, wa kwanza Mzee Hamid, na mkate wa kumimina. Bwana Ismail akashindana. Ijumaa akamtoa Bi Mdogo kusoma tangazo la magodoro la jirani zetu wa chini, na dukani hakuingia hata inzi. Jumamosi akamtoa kusoma utabiri wa mvua, watu wakaanika nguo. Mvua ikanyesha. Jumapili akaniita ofisini akanambia niufute mtambo. Alisema ameona siku itakuja atakufa mtu kweli, na maiti itakosa wabebaji. Nilibonyeza kitufe kwa mkono ule ule. Kuanzia Jumatatu anasoma Thuwaiba, na watu wameanza kupanda ngazi upya.

Lakini tangazo lile lilikuwa na kosa, na ndilo kosa pekee ambalo Bi Mwanapili amelifanya katika miaka ishirini na tatu. Hakusema "redioni." Alisema atakayeisikia asiiamini, basi. Sasa Bi Mwanapili hauziwi samaki Darajani mpaka muuzaji amtazame mara mbili. Akibisha hodi, watu huchungulia kwanza dirishani. Haya tunayacheka.

Hili hatulicheki. Mwanakheir, bintiye wa pekee, husikiliza Redio Upenu kwenye simu huko Maskati, na kila magharibi mama na mwana walikuwa na mazungumzo yao. Alhamisi ile magharibi Bi Mwanapili alipiga. Mwanakheir akasikia salamu ya mamaake, akakata. Ijumaa akakata tena. Jumamosi alipokea, akauliza swali: siku alipoanguka ngazini akiwa na miaka saba, mama alimwambia nini sikioni? Bi Mwanapili jawabu alikuwa nalo. Lakini alikumbuka kwamba kisa kile alipata kukisimulia studio zile wiki tatu, kujaribisha kinasa sauti, na kwamba hata jawabu sahihi halitathibitisha kitu. Akanyamaza. Mwanakheir akakata, tena kwa adabu.

Alitusimulia haya Jumatatu, chai ya saa nne. Alilia mbele yetu, mwanamke ambaye amesoma vifo vya mji mzima kwa jicho kavu. Kisha akajifuta kwa ncha ya mtandio, akasema mtoto yule kalelewa vizuri. Nami nilikuwa pale na kikombe mkononi. Kama ningesema neno moja mwezi wa Agosti, kilio kile kisingekuwepo. Bi Mwanapili, nisamehe.

Wafanyakazi tulikuwa tumepanga kumpa saa ya ukutani. Tumebadilisha. Bahasha atakayokabidhiwa leo ina tiketi ya ndege ya Jumanne kwenda Maskati, na Mwanakheir hatukumpigia kumwarifu, kwa sababu nasi asingetuamini.

Bi Mwanapili, kwa niaba ya Redio Upenu, kwa niaba ya Mzee Hamid na jamaa zake arubaini na mmoja, ahsante. Tunakuombea siha, na umri, na usingizi wa mchana ambao hukuupata kwa miaka ishirini na tatu. Ukifika kwa mwanao usiseme kitu. Gonga tu, asogee mlangoni, akuone.