Namba Zilizopotea Kati ya Futi na Chaki

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Mmeitikia kinyonge, narudia: Bwana asifiwe sana! Leo mzee wa kanisa asinioneshe saa, maana nilichonacho kimenijaa mpaka shingoni.

Mie ni Mama Furaha, fundi cherehani wa hapa Segerea, kibanda changu wengi mnakijua. Kushona nilifundishwa na marehemu mama yangu kule Masasi, na mama alikuwa na sheria moja: fundi haandiki. Unampima mtu, vipimo unavitia kichwani, unageuka, unakata. Anayeandika bado mwanafunzi, alisema. Na mie nilijivunia jambo hilo, nisiwadanganye. Wateja watano asubuhi, jioni nimekata nguo zote bila kutazama popote. Nilikuwa naringa!

Basi mama akafariki. Nikazika, nikarudi mjini, nikafungua kibanda. Kulia sikulia. Lakini usingizi ukakata, chakula hakina ladha, hata kwaya ikiimba nasikia kelele tu. Halafu likaanza jambo la ajabu. Napima kifua, thelathini na nane. Nageuka kuchukua chaki, hatua mbili tu, namba hakuna! Nampima tena. Nageuka, hakuna! Mbele ya mteja nacheka, nampima mara ya tatu.

Na wakati huohuo, majina ya watoto niliosoma nao darasa la tatu nayataja yote. Vipimo vya bibi harusi niliyemshonea miaka kumi nyuma navijua. Ndiyo maana wengine wakasema najifanya, na wengine wakasema nimelogwa.

Mie nikashika la kulogwa, kwa sababu kukubali kwamba akili yangu inaumwa kuliniogopesha zaidi. Na mchawi nikampata karibu: Mwajuma, fundi mwenzangu, ambaye kibanda chake kinatazamana na changu. Nikaacha kumsalimia. Akiniletea vitumbua, nawamwagia kuku.

Pasaka ikakaribia, mkanipa majoho ya kwaya, kumi na tisa. Niliogopa, lakini ningeandikaje? Niliona kuandika ni kumzika mama mara ya pili. Nikakata kwa kukisia. Mnakumbuka mazoezi ya Ijumaa Kuu! Mzee Kaaya wa besi akaingia na joho linaloishia magotini, mikono imebana kama kavaa la mjukuu. Mkacheka, na mie nikacheka. Kisha akaingia binti wa soprano analiburuza lake sakafuni, kicheko kikaisha. Kitambaa kilichochangwa na kanisa zima, nimekiharibu mimi!

Nikarudi kibandani, nikafunika cherehani kwa khanga, nikasema sasa nauza, nimekwisha. Mwajuma akavuka barabara.

"Shoga, najua hunipendi," akasema. "Lakini mie nakuonaga kila siku. Mtu mmoja unampima mara tatu. Unatafuta futi na futi iko shingoni kwako. Mdogo wangu alikuwaga hivyohivyo. Unaumwa wewe, na dawa ipo. Jumanne tunaenda hospitali."

"Mwajuma, mie nilijua umeniloga."

"Ningejua kuloga, si ningekuwa na wateja wako?"

Nilicheka kicheko cha kweli, cha kwanza tangu msiba. Kisha nikalia. Nikamlilia mama pale begani kwa Mwajuma mpaka mtandio wake ukalowa.

Kule kliniki ya afya ya akili daktari alikuwa binti mdogo tu, akaniamkia. Akanitajia namba nne, nizirudie kuanzia ya mwisho. Nikapata mbili. Niliona aibu jamani!

"Mama, hujalogwa wala hujawa mjinga," akasema. "Una sonona, huzuni iliyogeuka ugonjwa."

Akanieleza kwamba mambo ya zamani ubongo unayaweka mahali pake, na jambo la kushikilia kidogo tu huku unalifanyia kazi unalishika kwa namna nyingine. Kule kushikilia kidogo ndiko magonjwa mengi ya akili yanakogusa: sonona, wasiwasi uliozidi, hata yule anayesikia sauti zisizokuwepo. Wengine ubongo unazembea, wengine unafanya kazi kupita kiasi na kinachotoka ni kidogo, kama cherehani inayokimbia na uzi haushiki. Ndugu zangu, hapo nilielewa! Cherehani naijua!

Akanipa dawa, akanipangia siku za kuja kuzungumza, akaniambia niandike. Nikamweleza sheria ya mama. Akaniuliza, "Mama yako angekukuta umefunika cherehani, angefurahi?" Wakati wa kurudi nikanunua daftari.

Haikuwa siku moja. Ilikuwa miezi, na kliniki bado naenda, na kuandika naandika. Lakini usingizi umerudi! Kwaya ikiimba nasikia utamu! Nilimwomba Mungu aniondolee mchawi, kumbe huyohuyo niliyemwita mchawi ndiye aliyetumwa na Mungu anishike mkono!

Kwaya, simameni! Geukeni watu wawaone! Mzee Kaaya, shikamoo, hebu inua mikono, linabana? Halibani! Yote kumi na tisa nimeyakata upya, kwa kitambaa kipya na kwa mkono huu, na pindo kashona Mwajuma, yule pale mlangoni mwenye mtandio wa kijani. Nimeshamwomba msamaha kibandani, leo namwomba mbele yenu.

Na wewe uliyekaa hapo furaha imekukauka, mambo yanakuponyoka, usimtafute jirani wa kumlaumu. Mtumaini Mungu, na hospitali uende, kwani madaktari nao ni wake. Nikute nje baada ya ibada. Nitakupeleka mwenyewe, kama nilivyopelekwa.

Daftari lenyewe hili hapa. Ukurasa wa kwanza hauna mteja. Niliandika vipimo vya mama: kifua arobaini na mbili, kiuno thelathini na sita, mkono ishirini na mbili. Hivyo havikunipotea hata siku moja. Asante, Yesu!