Mwalimu Ildefonsa na Ugonjwa Uliomuua Mama Yake

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, walimu, ndugu na majirani mliokuja kutusitiri, familia imeniagiza niwasomee maisha ya mpendwa wetu tuliyemlaza mbele yenu.

Mwalimu Ildefonsa Nduwayo alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Murukulazo, akiwa mtoto wa pili wa mzee Alfonce Nduwayo na mama Speciosa, wakulima wa migomba na maharage. Alisoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1983 hadi 1989, na akiwa darasa la sita, mwezi Agosti 1988, mama yake alifariki tumbo likiwa limejaa maji, watu wakanong'ona, kidole kikaelekezwa kwa jirani, mama Koleta, akafukuzwa mazishini, na mwaka 1996 mama yake mdogo naye alipokufa vivyo hivyo ikasemwa wazi kwamba ndiye anayewaloga wanawake wa nyumba ile, akatengwa, na watoto wa ukoo wakakatazwa hata kumwamkia.

Ildefonsa alimaliza sekondari mwaka 1993 na chuo cha ualimu mwaka 1995, akafundisha Murusagamba, kisha Biharamulo kuanzia mwaka 2008, somo lake likiwa hisabati, na wanafunzi wake wanakumbuka alivyokuwa mkali kwa uvivu na mpole kwa mtoto mwenye njaa. Tarehe 10 Julai 1999 alifunga ndoa na ndugu Sostenes, wa hapa Kirushya, wakajaliwa watoto watatu, Claudia, Priscila na Renatus.

Mwezi Juni 2021 tumbo lilianza kumjaa, akatibiwa vidonda vya tumbo kwa miezi, hadi alipopelekwa Mwanza, ikaonekana ni kansa ya ovari, yaani mifuko ya mayai ya uzazi, akafanyiwa upasuaji Novemba mwaka huo na kuwekewa dripu za dawa ya kansa zilizomnyoa nywele zote. Ugonjwa uliporudi mwaka 2023, madaktari walipima kipande cha uvimbe, wakamweleza kwamba seli zake zina vipokezi vinavyodaka homoni ya kike, na kwamba uvimbe unakua kwa kuinyonya homoni hiyo, wakampa vidonge vya kuipunguza mwilini, navyo vikampa zaidi ya mwaka mmoja wa kusimama tena mbele ya darasa.

Walipima na damu yake, wakakuta jeni yenye hitilafu iletayo kansa hiyo, ambayo mtu huirithi kwa mzazi na kuzaliwa nayo. Daktari alipomuuliza kama kuna mwingine katika ukoo aliyekufa kwa tumbo kujaa, marehemu alisema, "Mama yangu. Na mdogo wake. Na sisi tulimtafuta mchawi."

Aliporudi hakupitia nyumbani, alikwenda moja kwa moja Murukulazo kwa mama Koleta, akapiga magoti uani, akasema, "Shikamoo, mama." Bibi yule, aliyekuwa hajaamkiwa na mtu wa ukoo ule kwa miaka mingi, aliitika, "Marahaba," halafu akasema, "Mama yako alikuwa rafiki yangu. Hata udongo mlininyima kumtupia." Ildefonsa alilia, hakujitetea.

Kisha akawaita binti zake wakapimwe. Priscila alikutwa salama, Claudia alikutwa na jeni ileile, na kwa mama huyu habari hiyo ilikuwa chungu kuliko ya kwake mwenyewe, akawa anamwambia mumewe, "Yangu nimeikubali, ya mtoto nimeshindwa."

Mwishoni mwa mwaka 2024 vidonge vilishindwa, maji yakarudi tumboni, na tarehe 8 Machi 2025, saa nane mchana, akiwa amebakiza siku chache kutimiza miaka hamsini na mmoja, alikata roho mikononi mwa Claudia, akiwa ameacha agizo ambalo tunalitimiza sasa, "Msomapo maisha yangu, utajeni ugonjwa kwa jina lake, na asitafutwe mtu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ngara na Mwanza, walimu wenzake waliomshikia vipindi, jumuiya iliyosali naye, na majirani waliombeba kwa machela mvua ilipokata barabara. Claudia anaendelea na uchunguzi Mwanza, naye anaomba dada zake wote wa upande wa bibi Speciosa wasikae kusubiri tumbo lijae, waende naye.

Mwalimu, umemaliza kazi yako. Bwana akupe pumziko na amani.