Sahihi ya Mwenye Nyumba

Kijiwe chetu kiko Point, mtaa wa karibu na bandari, hatua chache kutoka kwenye robot, zile taa za barabarani, nje ya duka la kutengeneza simu ambalo Jumamosi hufunguliwa mwenyewe akijisikia. Benchi letu ni kiti cha nyuma cha taxi iliyokufa. Ambokile alikipata kwa fundi mmoja kule sokoni Warwick, akakibeba kichwani mpaka hapa, na tangu siku hiyo hataki mtu akipandie na viatu. Yeye ndiye muuza kahawa, kahawa ya tangawizi kutoka kwenye chupa mbili za chai, kwa hiyo mwenye haki ya kumnyamazisha mtu kijiweni ni yeye peke yake. Mimi jina langu Nasibu, lakini hapa naitwa Mobeni, maana nabeba maboksi kwenye ghala kule Mobeni siku tano kwa wiki. Yupo Urbain, Mkongo wa Bukavu, mlinda magari ya watu kule ufukweni; tunamwita Avocat, yaani wakili, kwa kuwa hakuna kesi asiyojua itakavyokwisha, ingawa mahakamani hajawahi kukanyaga. Na yupo Dominiki, mtu wa Kigoma, anaitwa Meneja. Umeneja wake ndio huu: alipanga flat ghorofa ya tatu kwa jina lake, akaigawa kwa mbao na mapazia, na sasa familia nne zinamlipa yeye kila mwezi, naye anapeleka kodi kwa wakala wa jengo. Jumamosi hiyo tulikuwa kwenye kikombe cha pili, tunabishania penalti, Agathe alipoteremka ngazi na mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani, na faili la plastiki mkononi.

Agathe ni mpangaji wa Dominiki. Alikuwa anasuka nywele Warwick, lakini tangu ajifungue mapacha hawezi kusimama kutwa nzima. Mumewe alikwenda Cape Town kutafuta kazi, na simu yake sasa inaita tu.

Agathe: Bonjour, papa Domi. Nimeleta ile papier.

Dominiki: Karatasi gani tena, mama mapacha? Leo Jumamosi.

Agathe: Ile ya vocha. Banataka signature ya bailleur. Jumatatu saa nne njo mwisho.

Ambokile: Vocha ya MTN au ya Vodacom?

Agathe: Ya nyumba, kaka.

Ambokile: Ya nyumba? Hiyo unaikwangua wapi?

Urbain: Ambokile, wee mimina kahawa. Ile ni mambo ya sheria. Bailleur ni mwenye nyumba. Anaweka sahihi, wewe locataire, mpangaji, unalala bure. Imeisha.

Agathe: Haijaisha, Avocat. Na si bure. Mi nilienda kwa réunion, mkutano yao, nilikaa masaa tatu na hawa batoto. Acha niseme.

Akakaa mwisho wa benchi, akafungua faili. Nasema kweli, kati yetu wote yeye tu ndiye aliyekuwa ameisoma karatasi hiyo, na ndiye aliyesikilizwa kidogo kuliko wote.

Agathe: Shirika yenye inatoa vocha hainipe franga mu mikono. Banalipa bailleur direct, mu banque yake, tarehe moja ya kila mwezi. Miezi sita. Banalipa sehemu kubwa ya kodi, mimi naongeza kile kinabaki. Bailleur anaweka signature, anatoa kopi ya kitambulisho na barua ya banque. Halafu mama mmoja wa shirika anakuja kuangalia chumba. Kama iko na dirisha, kama mlango unafunga, kama maji inatoka. Na mu hiyo miezi sita bailleur hawezi kupandisha kodi, wala kunifukuza.

Mimi: Mbona hiyo nzuri. Meneja, kodi inakuja yenyewe tarehe moja, hugongi mlango wa mtu.

Dominiki: Nzuri kwa nani?

Urbain: Ngoja, ngoja. Mobeni, wewe ni mtu wa maboksi, huoni mbali. Barua ya banque ni ya nini? Franga ikiingia tu mu konti, watu wa kodi ya serikali banaamka. Banauliza: huyu Dominiki iko na jengo ngapi?

Ambokile: Hapo Avocat kasema. Halafu huyo mama mkaguzi hakagui dirisha. Dirisha ni geresha. Kuna mteja wangu mmoja aliniambia wakiingia wanakwenda moja kwa moja bafuni, wanahesabu miswaki.

Mimi: Miswaki?

Ambokile: Miswaki! Umesema mnaishi wawili, miswaki tisa. Unajitetea vipi?

Urbain: Hata miswaki ni ya zamani. Siku hizi banarusha kale kandege kadogo kenye kamera. Kanapita dirishani, kanapiga pazia picha. Pazia nne, familia nne.

Ambokile: Basi ndiyo maana mwezi wa pili kalipita kamoja hapa!

Mimi: Kale kalikuwa ka wapiga picha za harusi.

Urbain: Njo vile banasema! Lakini hiyo yote ni kidogo. Kitu kikubwa muko nayo mbele ya macho, hamuione. Shirika ikilipa nyumba miezi sita, kwa sheria ya kimataifa, nyumba inakuwa ya shirika.

Mimi: Urbain, mimi nimelipa pale kwangu miaka saba. Mbona jengo si langu?

Avocat akanyanyua kikombe, akakuta kimeisha, akakirudisha chini taratibu. Ambokile alicheka mpaka akamwaga. Agathe hakucheka. Alikuwa ametoa kalamu na kuishika mbele ya Dominiki, na Dominiki alikuwa anaitazama kama anayeuziwa kitu cha wizi.

Agathe: Papa Domi. Chumba changu njo kimoja tu kiko na dirisha mu flat yote. Kitapita. Weka jina hapa tu.

Dominiki: Mama, mimi si mwenye nyumba.

Agathe: Nakulipa wewe.

Dominiki: Unanilipa mimi, mimi namlipa wakala. Mimi mpangaji kama wewe. Tofauti yetu mimi ninazo funguo mbili.

Urbain: Kisheria, mwenye funguo mbili…

Ambokile: Avocat, nyamaza kwanza.

Na alipomnyamazisha Avocat nikajua mambo yamekuwa mazito. Dominiki akavua kofia. Si mtu mbaya, na niseme hili mapema. Mwaka jana maji yalipokatika wiki nzima, yeye ndiye aliyepandisha ndoo za wapangaji wake ghorofa ya tatu bila kumdai mtu senti.

Dominiki: Sikilizeni. Mkataba wangu kwa wakala umeandikwa mimi, mke wangu, na mtoto mmoja. Na umeandikwa marufuku kupangisha mtu mwingine. Sasa niandike hapa "Dominiki, mwenye nyumba". Shirika si wajinga, lazima wapige simu kuhakikisha. Wakala akisikia, hatoki Agathe peke yake. Tunatoka wote. Watu kumi na wanne. Na mimi nimo.

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile mtu alikuwa amesema kitu ambacho hakikuhitaji kuongezewa chumvi.

Mimi: Kwa nini wakala asiweke sahihi mwenyewe?

Agathe: Nilienda.

Dominiki: Ulienda wapi?!

Agathe: Tulia, papa. Nilitaja jengo tu, namba ya flat sikutaja. Mi si mtoto. Yule dada wa bureau akaangalia mu kompyuta, akatafuta jina yangu. Akasema haliko. Akasema, madame, wewe hukai mu lile jengo.

Ambokile: Miaka mingapi upo pale?

Agathe: Minne. Hawa nimewazaa pale.

Akapangusa mdomo wa mtoto wa kifuani kwa ncha ya kitenge.

Agathe: Kwa wakala, sikai pale. Kwa papa Domi, si yeye bailleur. Nimelipa kila mwezi mpaka mwezi wa tano. Sasa nimekosa miezi mbili, watu bananipa njia ya kulipa, na njia inataka jina moja tu. Jina ya mtu mwenye niko nalipa. Ni kitu kikubwa?

Kijiweni kukosa jibu hakujawahi kumzuia mtu kusema.

Ambokile: Twende kwa mwenye jengo lenyewe basi. Wakala naye si ametumwa?

Urbain: Mwenye jengo alikufa.

Mimi: Mimi nilisikia yuko Umhlanga, mzee wa Kihindi.

Ambokile: Mimi niliambiwa ni kanisa.

Urbain: Alikufa, nawaambia. Jengo ikaandikwa kwa jina la kampuni, kampuni ikaandikwa kwa jina la meli. Bailleur ya ile jengo ni meli. Sasa hivi iko Brésil inapakua sukari.

Ambokile: Meli inawekaje sahihi?

Urbain: Kapiteni!

Mimi: Basi weka wewe, Avocat. Sema wewe ndiye kapiteni.

Urbain: Na kitambulisho? Yangu iliisha muda mwaka ule.

Hata Agathe akatabasamu hapo, kidogo. Kisha akaigeuza karatasi, akamwonyesha Dominiki mstari mmoja katikati kwa ukucha.

Agathe: Angalia hapa. Nilimuuliza yule mama wa shirika vizuri sana. Kuko mahali ya bailleur mwenye jengo, na kuko mahali ya locataire mkubwa mwenye anapangisha chumba. Wanajua maisha yetu. Anasema hawapige simu kwa wakala kama wewe hutaki. Wanataka wewe uje bureau yao mara moja, useme kwa mdomo yako: ndiyo, huyu anakaa kwangu.

Dominiki akaichukua karatasi. Akausoma ule mstari mara mbili, midomo ikicheza.

Dominiki: Kwa nini hukuniambia hili mwanzo?

Agathe: Niliwaambia niseme. Mkaanza kuhesabu miswaki.

Ambokile akajifanya anafunga kifuniko cha chupa. Mimi nilifurahi, sifichi. Nilimwona Dominiki anachukua kalamu, anaiweka karatasi kwenye goti, anatafuta pa kuandikia. Nikasema moyoni leo kijiwe chetu kimefanya jambo la maana, hata kama tulilifanya kwa kuzuia njia.

Hapo akafika dada mmoja anaburuta begi la magurudumu, koti begani, macho ya mtu aliyelala kwenye kiti. Mkononi alikuwa na karatasi nyeupe, pembe zake bado zina gundi.

Dada: Habari za saa hizi, jamani. Nimesikia Kiswahili toka kule ng'ambo nikasema Mungu mkubwa. Naitwa Estella. Nimeshuka sasa hivi na basi la Joburg.

Ambokile: Karibu, dada. Kahawa ipo.

Estella: Asante, kwanza nimalize shida yangu. Namtafuta landlord mmoja wa hapa, mwenye nyumba, anaitwa Dominiki.

Kalamu ya Dominiki ilikuwa imeshagusa karatasi. Ikabaki hapo, ikaacha nukta nyeusi.

Urbain: Umesema anaitwa nani?

Estella: Dominiki. Nimekuta tangazo lake limebandikwa kwenye nguzo pale kwenye robot. Nimelibandua kabisa, mwingine asije akaniwahi. Mnisamehe.

Akatusomea, kwa sauti ya mtu anayetaka kuhakikisha hajakosea mahali.

Estella: "Room to let. Two thousand five. Window. Lady only, no children. Call landlord Dominiki." Yaani chumba chenye dirisha, cha mwanamke asiye na watoto.

Agathe akanyoosha mkono. Estella akampa karatasi bila wasiwasi, kama unavyompa mwanamke mwenzako. Agathe akaitazama kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwamo. Mwandiko wa Dominiki tunaujua wote; ndio uleule ulioandika zamu za kufagia ngazi.

Dominiki: Mama mapacha, niliibandika Alhamisi. Wakala alikuwa amenipigia simu anadai kodi. Hili la locataire mkubwa nilikuwa sijalijua.

Agathe akapitisha kidole kwenye pembe yenye gundi.

Dominiki: Wakala hanisubiri mimi, mama. Miezi miwili.

Estella akamtazama Dominiki, akamtazama Agathe, akatazama vile vichwa viwili vidogo. Nadhani alianza kuhisi kitu, lakini mtu aliyesafiri usiku kucha hana akili ya kubashiri. Akauliza kama ambavyo mtu yeyote muungwana angeuliza.

Estella: Kwani chumba kina mtu bado? Maana mimi sipendi maneno. Huyo aliyemo anahamia wapi?

Urbain, mwenye jibu la kila kesi, akainama akafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa. Ambokile alishika kikombe alichokwisha kumjazia mgeni, asikitoe wala asikiweke chini. Mimi niliona aibu, aibu ya kweli, na hata sijui nilimwonea nani. Karatasi ya shirika ilikuwa bado kwenye goti la Dominiki, na ile nukta yake moja. Mtoto wa mgongoni akaamka, akaanza kulia, na Agathe akasimama kumbembeleza, tangazo la chumba chake mkononi.

Estella akasubiri. Kisha, akidhani pengine Kiswahili chake cha Mwanza hatukukielewa vizuri, akarudia polepole, neno kwa neno:

— Anahamia wapi?