Pikapu la Kifaru na Kiuno cha Mama Mkwe

Haya nayasimulia mimi niliyekuwepo, tena niliyekaa kiti cha mbele. Ukisikia mtu anayasema vingine, mwulize yeye alikaa wapi. Kijiwe chetu ni benchi moja refu nje ya banda la fundi redio, tunayemwita Injinia, na birika la muuza kahawa hukaa katikati yetu kama mwenyekiti. Asubuhi moja mwenzetu Kifaru aliegesha pikapu lake la kubebea matofali, gari la kazi ngumu lenye springi nene kama mapaja ya Kibonge muuza mitumba, naye yupo hapo benchini, akaketi bila salamu.

— Mbona umenuna kama umenyimwa urithi? nikamwuliza.

— Mama mkwe huyo, kesho namfuata stendi. Mke wangu kajifungua, anamtaka mama yake. Na safari iliyopita alishuka kwenye gari langu kashika kiuno, akaapa halipandi tena mpaka lijifunze adabu.

— Asipopanda?

— Anageuza kwake. Na mke wangu kaniambia, hapo mtoto utamwogesha wewe. Jamani, kale katoto kanateleza kama kambale!

Tukacheka mpaka benchi likalia. Injinia akajifuta machozi.

— Springi hizo. Zina vyuma vingi mno, toa nusu. Wahenga walisema, kamba hukatikia pembamba.

— Na gari likikatikia njiani? akauliza Kibonge.

— Si ndiyo kulainika kwenyewe!

Muuza kahawa akatikisa kichwa.

— Upepo wa tairi. Upunguze kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

— Sasa unapunguza au unajaza?

— Kunywa kahawa wewe.

Nikaona wanapotea, nikawapa elimu.

— Dawa ni mwendo. Mimi niliwahi kukimbiza lori mpaka mashimo yakabaki yanaulizana, nani kapita?

Kifaru akasimama.

— Maneno hayabebi mama mkwe. Twendeni tukalijaribu!

Nani akubali dawa yake ijaribiwe yeye hayupo? Injinia akaigonga springi kwa nyundo, eti iogope. Muuza kahawa akapunguza upepo wa tairi kiduchu. Kisha wote wakapanda nyuma, na benchi, na birika, na jiko lake, na Kibonge. Mimi nikakaa mbele, kikombe kimejaa pomoni juu ya dashibodi, ndicho kipimo. Tukaikamata barabara yetu ya mashimo. Loo! Gari likateleza kama limepakwa mafuta. Halikumwagika tone.

— Nyundo yangu! akapiga kelele Injinia.

— Upepo wangu!

— Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi! akasema Kibonge, na hakuna aliyemwelewa.

Tukaenda moja kwa moja kwa Kifaru kujisifu. Mkewe akatoka na kichanga kifuani, akalitazama gari, akatutazama sisi.

— Hongereni, shemeji zangu. Na mkishuka?

Kibonge akateremka, bodi ikainuka yenyewe kama mtu aliyeitwa jina. Tukashuka wote. Kifaru akaenda peke yake mpaka kona, akarudi kashika kiuno.

— Pakia matofali basi, akasema mkewe.

— Mvua imeyalowesha yote, hayajakauka, nikiyapakia yatabomoka.

Injinia akainua kikombe chake, akakuta kitupu. Hata kahawa ilikuwa imeisha.

Kesho yake stendi tulikwenda wote, na benchi letu. Mama mkwe akakaa mbele, nami nikabanwa katikati kama barua. Alipofika akashuka wima, mikono yote miwili huru, akacheka.

— Mwanangu, gari limepata adabu! Ila hawa wanaume nyuma, na benchi, ni wa nini?

Kifaru akainamisha kichwa kwa heshima.

— Hao ndio springi, mama.

Nimesema kweli tupu, nisije nikaulizwa mbele ya haki. Isipokuwa kile kikombe cha kwenye dashibodi. Nilikuwa nimeshakinywa chote kabla hatujaondoka. Kahawa ile nimeimimina leo, kwenye simulizi.