Matundu Juu ya Dirisha

Mchungaji ameniwekea kiti hapa mbele na ninamshukuru, lakini mtaniwia radhi nikisimama. Nikipewa kiti nakaa dakika mbili, halafu naanza kutafuta mlango uko wapi. Mke wangu yuko pale, atawaambia. Kwa hivyo nitaongea nikitembea kidogo, na mkiniona natazama ukuta wa kanisa juu ya madirisha, msidhani nimeona malaika. Nikimaliza mtajua natafuta nini.

Wengi wenu mnanijua kama mchoraji wa ramani za nyumba. Nilianza kwa kubeba mawe kwenye mjengo pale Kinoru, nikasomea kuchora, na chuo kikuu kilipokua kule Nchiru, mimi nikakua nacho. Mtu alikuwa na shamba la mahindi karibu na geti, asubuhi anaamka anataka hosteli. Ananiita. Napima, nagawanya vyumba, naweka kitanda hapa, meza pale, choo mwisho wa baraza. Kazi ilikuwa nyingi hata chai nilikuwa nakunywa nikiwa nimesimama.

Sasa sikilizeni kosa lilivyoingia, kwa sababu liliingia likiwa limevaa vizuri. Hosteli yangu ya kwanza niliiwekea matundu ya hewa juu ya kila dirisha, kama sheria inavyotaka. Julai ikafika. Julai ya Nchiru mnaijua: jua linaenda likizo, na upepo unapita hata kwenye tundu la ufunguo. Wanafunzi wakaziba yale matundu na magazeti, matambara, soksi. Kuna mmoja aliziba na suruali, mguu mmoja ukabaki nje unapepea barabarani. Mwenye nyumba alinipigia simu akiwa na hasira, akasema nimemjengea kamba ya kuanikia nguo.

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, hapo nilijiona mwerevu. Nikaanza kutengeneza karatasi mbili za mchoro. Ile ya kupeleka ofisi ya kaunti kugongwa muhuri ilikuwa na matundu. Ile ya kumpa fundi, matundu nimeyafuta. Ukuta mzima, plasta safi, dirisha la kioo linalofunga vizuri. Wenye ploti walipenda sana. Ikawa inasemekana hosteli za huyu jamaa zina joto, na wanafunzi wanazikimbilia. Nilichora saba za namna hiyo, mchoro mmoja, nabadilisha tu jina la mwenyewe.

Fundi aliyejenga ya kwanza kati ya hizo saba alikuwa mtu wa Mbeere, kule chini kwa joto, mtu wa maneno machache. Siku moja alishuka kwa ngazi akaniuliza, "Hapa juu tunaziba kabisa?" Nikamwambia afuate karatasi. Akapanda tena akaziba.

Nilikuwa nachora kitanda, nachora meza, nachora hata ndoo. Sikuwahi kuchora sufuria. Na nyinyi wazazi mnajua mtoto akienda chuo mnamfungia nini: mahindi na maharagwe kwa gunia dogo, sivyo? Sasa githeri ya mahindi makavu inaiva kwa saa ngapi? Mwenye nyumba amekataza koili ya stima ya kupikia. Yule mtoto atapikia wapi? Hilo swali lilikuwa mbele yangu miaka yote na sikuliuliza hata mara moja.

Ilikuwa mchana wa Jumamosi, manyunyu na baridi. Binti mmoja wa mwaka wa pili, katika ile nyumba aliyojenga fundi wa Mbeere, aliwasha jiko la makaa barazani. Manyunyu yakamfukuza, akaliingiza ndani, akafunga mlango na dirisha, akapanda kitandani kusoma. Moshi hakuuona, kwa sababu makaa yakishashika hayatoi moshi, yanatoa kitu kibaya kisichoonekana wala kunukia. Jirani yake alikuja kuomba chumvi. Akabisha, kimya. Akasikia harufu ya githeri inayoungua na akajua hakuna mwanafunzi anayeacha chakula kiungue akiwa macho. Walivunja mlango, yeye na mlinzi. Binti alikuwa bado anapumua.

Nilienda hospitali siku ya tatu na machungwa. Mama yake alikuwa kando ya kitanda, mama wa shamba, leso kiunoni. Sikumwambia mimi ni nani hasa, nilisema natoka upande wa nyumba. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kujali watoto wa watu. Halafu akasema, "Na nyumba yenu ni nzuri. Hata haiingizi baridi."

Hilo neno lilinichoma. Mpaka leo linanichoma.

Watu wa ukaguzi wakaja. Lakini mimi nilikuwa nimewatangulia. Siku mbili kabla, nilipita kwa stoo ya fundi nikamwambia nataka ile karatasi yake nirekebishe kitu kidogo. Alinipa bila kuuliza. Kwa hivyo siku ya kuulizwa, mchoro wenye muhuri ulifunguliwa mezani, na matundu yote yapo, yamepangwa vizuri. Kila mtu akamgeukia fundi. Akasema yeye alifuata karatasi. Wakamuuliza karatasi gani. Akaniangalia mimi. Nami nikaangalia viatu vyangu.

Sikusema uwongo hata neno moja siku hiyo. Nilinyamaza tu, na kunyamaza kukatosha. Fundi alifukuzwa mjengo, mwenye nyumba akaahidi kutoboa asitoboe, habari zikaenea Meru nzima mpaka Embu kwamba anakula simiti na kuruka matundu, na hakuna aliyemwita tena. Akarudi kwao kuchunga mbuzi. Binti alipona, lakini alikaa nyumbani mwaka mzima kwa sababu kichwa kilikuwa hakishiki masomo. Mimi nikapata kazi nyingine wiki iliyofuata.

Lakini kukaa kukanishinda. Naketi kuchora, naona ukuta bila tundu, nainuka. Usingizi ukikuja naufukuza, kwa sababu kulala ni kuota. Nikaanza kutafuna muguka, yale majani ya kukesha. Vijana mliotutembelea kutoka Embu, msicheke, mnajua inavyomfanya mtu: macho makubwa, midomo mikavu, na shughuli nyingi zisizo na kichwa. Mke wangu alisema nahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Mbaya zaidi, kila kukiwa na baridi nilikuwa nawasha pikipiki kutoka hapa Nkubu mpaka Nchiru, nazunguka zile nyumba saba moja moja, nimeinua shingo, naangalia madirisha kama yamefunguliwa. Nikikuta moja limefungwa nazunguka tena. Halafu narudi. Yaani nilikuwa nalinda watu kwa kuwatazama, bila kuwaambia hatari iko wapi. Maana nikiwaambia wenye nyumba watoboe, wataniuliza nilijuaje.

Mwaka ukazunguka, Julai ikarudi. Siku moja saa sita mchana nilikuwa kwenye baraza ya nyumba ya tatu nikasikia joto la makaa linatoka chini ya mlango. Nikabisha. Muziki ndani, hakuna jibu. Nikausukuma. Vijana watatu wako chini ya blanketi moja wanatazama simu, jiko liko katikati ya chumba, dirisha limefungwa. Walikuwa wazima kabisa. Lakini mimi nilikuwa tayari nimeshika jiko kwa mikono mitupu nalitoa nje. Kovu ni hili hapa.

Basi ikawa vurugu. Baraza ikajaa. Mmoja akasema, "Ni yule buda, yule mzee wa kuchungulia madirisha." Kumbe walikuwa wameniona miezi hiyo yote wakadhani mimi ni mwizi, au ni mtu wa tabia mbaya. Wakanishika koti. Na nyinyi mnajua wanafunzi wakishakushika koti kinachofuata ni nini. Msichana mmoja mrefu akapenya mpaka mbele akaniuliza mimi ni nani na nataka nini kwao.

Ningesema mimi ni mjomba wa mtu. Neno lilikuwa limefika mdomoni. Lakini nilikuwa nimechoka, ndugu zangu. Nilikuwa nimechoka kuliko nilivyoogopa.

Nikasema, "Mimi ndiye nilichora hii nyumba. Niliichora vibaya. Mkipika ndani mtakufa."

Yule msichana akasema, "Kama ulijua, ulikuwa unangoja nini?"

Nilisema nilikuwa naogopa, na machozi yakatoka mbele ya watoto wa umri wa watoto wangu. Sijui nani alileta nyundo. Nakumbuka nikisimama juu ya kiti cha plastiki, mkono umefungwa kitambaa, nikigonga ukuta wangu mwenyewe mpaka nikaona anga upande wa pili. Upepo ukaingia baridi, mmoja akalalamika, na wenzake wakamwambia avae sweta, kisha wakapokezana nyundo chumba kwa chumba mpaka nyumba yote ikatobolewa.

Siku ya pili yake nilienda Mbeere na ile karatasi. Ndiyo, niliiweka, sikuichoma. Mara nyingi nilifika nayo mpaka jikoni nikashindwa. Fundi nilimkuta zizini akimfunga mbuzi mguu uliovunjika. Nikaifungua karatasi mbele yake, bado ina simiti ya vidole vyake. Hakuinua kichwa.

"Nilijua iko na wewe," akasema. "Nilikuwa nangoja uilete. Ningekuja kuichukua mwenyewe ningekuumiza."

Nikamwomba msamaha. Akamaliza kumfunga mbuzi kwanza. Kisha akasema yeye si mtu wa kusamehe haraka, lakini kuna kitu na yeye kinamsumbua: siku ile kwenye ngazi alijua si sawa kuziba, akanyamaza kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma. Akaniuliza zimebaki ngapi. Nikamwambia sita. Mke wake akatuletea uji, tukanywa. Asubuhi alikuja na patasi zake kwa gunia.

Tulianzia ofisini. Niliweka karatasi zote mbili mezani, yenye muhuri na yenye simiti, nikasema ipi ilijenga na nani aliificha. Nilikatazwa kupeleka mchoro wowote pale, na nikakaa misimu miwili ya mvua bila kuchora. Sikunung'unika. Nilikuwa kibarua wa fundi: yeye anatoboa, mimi nabeba kifusi. Muguka niliacha taratibu, naanguka, nainuka, na kikundi cha wanaume cha hapa kanisani hakikunichoka.

Kwa yule binti nilienda mama yake akiwa pale karibu, nikawaambia wote wawili. Mama alilia. Binti hakulia. Alirudi chuo, anaendelea vizuri, ingawa anasema bado anasoma ukurasa mara mbili. Aliniambia, "Sijui kama nimekusamehe. Nikijua nitakwambia." Nimelipokea hivyo hivyo. Msamaha si deni ninalomdai.

Sasa nimerudi kuchora. Siku hizi kabla sijapima shamba nawaketisha wanafunzi na kuwauliza mnapika nini, mnapikia wapi, mvua ikinyesha mnaenda wapi. Kila ghorofa naweka jiko la pamoja mwisho wa baraza, ukuta wa matofali yenye matundu, paa juu. Na matundu ya chumbani nayawekea kikinga upepo usipige kitandani, ili mtu asione haja ya kuyaziba. Ilikuwa inawezekana tangu mwanzo, ingenichukua siku moja tu ya kufikiri.

Nashukuru fundi. Ameketi nyuma kabisa na amekataa kuja mbele. Nashukuru mke wangu, aliyeishi na kuku anayetaka kutaga na hakufungua mlango amfukuze. Nashukuru kijana aliyekosa chumvi siku ile, popote alipo. Na wale wanafunzi walionishika koti, Mungu awabariki, kwa maana wao ndio walionisimamisha.

Somo langu ni fupi. Ukishajua hatari iko wapi, kuizunguka na kuitazama hakumsaidii mtu. Useme, hata sauti ikikauka. Na wewe unayeagizwa na mtu aliyesoma kufanya jambo unalojua si sawa, shuka ngazi umuulize mara ya pili.

Nilikuwa nimalizie hapo, na mchungaji ameanza kuangalia saa. Lakini sijatulia, na sababu ni hii. Nyumba zilikuwa saba. Tumetoboa sita. Mwenye ile ya saba nimemwendea mara nne, ameniambia ukuta wake ni mzuri na nisimharibie jina. Simtaji. Yuko hapa ndani leo, na ni mtu mwema, amesaidia wengi kwenye kanisa hili. Wiki iliyopita yule binti alinipigia simu. Mdogo wake anaingia chuo mwaka huu, amepata chumba, anafurahi kwamba kina joto. Akanitajia nyumba.

Ndugu yangu, mimi na fundi tutakuwa getini kwako kesho saa mbili asubuhi. Plasta tutairudisha wenyewe, hutaona alama. Tafadhali, safari hii ufunge mbwa.