Pampu Moja, Samaki Arobaini na Mmoja

Risala ya Chama cha Wafuga Samaki wa Jengo la Ghorofa Nne kwa Meneja wa Umeme wa Eneo, siku ya kuzindua tangi la pamoja

Mgeni rasmi, Meneja wetu wa umeme. Mafundi mlioongozana naye. Mwenyekiti wetu, fundi cherehani, ambaye wateja wake wamejaa hapa wakidhani nguo zao ziko tayari. Majirani, na watoto mliokalia ngazi:

Karibu. Ukumbi huu siku nyingine ni maegesho ya baiskeli, lakini leo tumeupiga deki mara mbili kwa heshima yako. Kiti ulichokalia ni kile ambacho Mwenyekiti hukalia akitia vifungo. Ukihisi pini, ni bahati mbaya, si ujumbe.

TULIVYOANZA

Miaka mitatu iliyopita Mwenyekiti aliweka samaki wawili dukani kwake, hapa ghorofa ya kwanza, ili wateja wasichoke kusubiri. Wateja wakaanza kuja hata bila nguo. Je, samaki hulala? Wanamjua anayewalisha? Kwa nini yule mweusi anamfukuza yule wa dhahabu ilhali chakula kipo? Kila mmoja akanunua wake akachunguze mwenyewe. Chama kilizaliwa hivyo, kwa umbea wa kusengenya samaki, na leo tuko wanachama kumi na mmoja.

Kwa faida ya wasiofuga: samaki wa tangini anaishi kwa pampu. Ndiyo inayosukuma hewa majini na kuzungusha maji kwenye chujio. Ikinyamaza, baada ya saa chache utawaona wote wamepanda juu wanachezesha midomo kama wanaotaka kukuambia kitu. Na kweli wanataka.

MAFANIKIO

Mafanikio yetu ya kwanza ni kujua pampu zinakufaje. Zilikuwa zinakufa mno. Tulilaumiana kwanza, wewe umenunua feki, wewe umeweka maji machafu, hadi fundi saa wa ghorofa ya tatu, tunayemwita Babu Saa, alipokusanya maiti zote mezani kwake na kuzifungua moja moja.

"Hawa hawakufa kwa ugonjwa mmoja," akasema, kile kioo chake kikiwa jichoni. "Hawa wanne wameungua koili, ule waya wa ndani, kwa umeme kuzidi. Huyu amezama."

"Pampu ya samaki inazamaje, Babu? Si ndiyo kazi yake?"

"Hii ni ya hewa, we mjuaji. Ulikuwa umeiweka wapi?"

Mwenye pampu akakiri: sakafuni, chini ya tangi. Umeme ulipokatika, maji yalirudi kwa mpira ule ule wa hewa, yakashuka taratibu hadi ndani ya mashine. Tangu siku hiyo pampu zetu za hewa hukaa juu kuliko maji. Ya Mwenyekiti iko juu ya kabati, na ana mazoea ya kuiamkia kabla ya mumewe.

Mafanikio ya pili yana aibu kidogo. Tulinunua vile visanduku vya kulinda friji, tukachomeka pampu zetu humo. Umeme ukiyumba, kisanduku kinakata. Ukitulia, kinasubiri dakika tano ndipo kinarudisha. Tukajiona wajanja wa mji. Wazo lilikuwa la Katibu, ambaye ndiye anayewasomea.

Jumamosi moja umeme uliyumba kila baada ya dakika tatu, nne, mchana kutwa. Majirani walikuwa nyumbani wakipiga pasi, lakini wengi wetu wanachama tulikuwa kazini. Kisanduku kinahesabu moja, mbili, tatu, umeme unayumba, kinaanza upya. Hakikufika tano hata mara moja. Tuliporudi, pampu zote zilikuwa nzima, za baridi, safi kama zimetoka dukani. Samaki thelathini na wawili walikuwa wamekufa.

"Hongera, mwanangu," Mwenyekiti akamwambia Katibu. "Pampu zimepona."

Wiki hiyo suruali ya Katibu ilirudi kutoka kwake mguu mmoja ukiwa mfupi.

Tulichojifunza ni kwamba tulilinda kitu kisichopumua tukasahau wanaopumua. Sasa kila mwanachama ana pampu ndogo ya betri inayowaka yenyewe umeme ukikatika. Lakini ile ni ya dharura tu.

CHANGAMOTO

Hapo ndipo tulipoacha kuuliza tulindeje pampu, tukauliza swali jingine: umeme wenyewe una nini?

Babu Saa alichukua kipima volti chake, Mwenyekiti tukamwazimia kingine, na Katibu akapewa daftari, labda kama adhabu. Wakawa wanaitana kupitia uwazi wa ngazi.

"Mama! Taa yako ikoje?"

"Inafifia! Tundu la sindano silioni!"

"Yangu imekuwa jua! Unasoma ngapi?"

"Mia moja na sabini!"

"Mimi mia mbili sitini na tano! Katibu, andika, usicheke!"

Tuliandika kwa siku kumi na tisa. Kila umeme wa Mwenyekiti uliposhuka, wa Babu Saa ulipanda. Wa Babu ukishuka, wa Mwenyekiti unapaa. Mgeni rasmi, jambo hili lilitusisimua kuliko samaki. Kama umeme wa mtaa ungekuwa mdogo, si tungefifia wote? Iweje mmoja afifie wakati mwenzake anawaka kupita kiasi, ilhali jengo ni moja?

Babu Saa anahisi ni waya wa nyutro, ule ambao nyumba zote zinautumia kwa pamoja. Anasema umelegea pale unapoingilia jengoni, kwa hiyo nyumba moja ikivuta umeme mwingi, wake unashuka na wa mwenzake unapanda. Hatuna hakika. Kile kisanduku cha ukutani unamoingilia waya huo kina lakiri ya ofisi yako, nasi hatujaigusa, ingawa tumeitazama sana.

Mafundi wako wamekuja mara nne, tunawashukuru, na mmoja wao bila shaka sasa anatabasamu. Kila mara walifika saa sita mchana, wakapima, wakasema, "Mbona uko sawa?" Na kweli ulikuwa sawa. Saa sita watu wako kazini. Hakuna pasi, hakuna jiko, hakuna anayechemsha maji ya kuoga. Walitushauri tununue stebilaiza, mashine ya kusawazisha umeme. Babu Saa alinunua. Ilipiga tiki-tiki siku tatu, ya nne ikatoa moshi.

Tangu tuvitoe vile visanduku, pampu za umeme zimeendelea kuungua, na sasa imebaki moja. Ndiyo maana kuna tangi la pamoja. Limefungwa utepe, limepambwa mawe mazuri, lakini ukweli ni kwamba samaki wetu wamekuwa wakimbizi. Wako arobaini na mmoja, na hivi tunavyosoma wamo kwenye ndoo saba dukani kwa Mwenyekiti, wakipumua kwa betri. Betri zitadumu hadi kesho asubuhi. Zaidi ya hapo hatuahidi.

MAOMBI

Ofisi yako iliuliza kwa nini sherehe iwe saa kumi na mbili jioni. Tukajibu kwamba tunakwepa jua. Mgeni rasmi, tulikudanganya kwa adabu. Huu ndio wakati watu wamerudi na pasi zimewaka. Mezani mbele yako kuna vipima volti viwili: cha kushoto kimeunganishwa kwa Mwenyekiti, cha kulia kwa Babu Saa. Tunaomba uvitazame kwa dakika moja.

(Msomaji anyamaze hapa.)

Asante. Risala imeandikwa jana, kwa hiyo hatujui umeona nini. Kama vimetulia, tutafurahi kuaibika mbele ya watoto wetu. Kama kimoja kimeshuka huku kingine kikipanda, tuna maombi mawili.

La kwanza, mafundi wako wafungue kile kisanduku leo, kabla hujaondoka. Ngazi ya kupandia tunayo. Nyumba zote zimekubali kukaa bila umeme kwa muda wowote watakaohitaji, hata yule wa ghorofa ya nne anayepiga pasi hadi soksi.

La pili ni zito kidogo. Mkasi uko kwenye sahani, utepe ukate, tutapiga vigelegele. Lakini swichi ya pampu iliyo upande wako wa kulia tunakuomba usiibonyeze. Tunajua si heshima kumwita mtu azindue kitu kisha kumshika mkono. Ila umeme ukiruka sasa hivi, pampu hiyo inaungua mbele yako, na samaki wale hawana pengine pa kwenda. Waya kwanza. Wakishaukaza, ibonyeze wewe mwenyewe, hata kama giza litakuwa limeingia. Hakuna atakayekwenda kulala.

Mungu akujalie afya na subira, awalinde mafundi wako wakiwa juu ya ngazi, na aibariki kazi ya mikono yao jioni hii.

Ni sisi, Chama cha Wafuga Samaki wa Jengo la Ghorofa Nne, wanachama kumi na mmoja, na arobaini na mmoja walioko ndooni.